Kocha yuleyule, mpini tofauti: kwa nini Unai Emery alikwama Arsenal akang'aa Aston Villa

Novemba 29, 2019 Arsenal walimtimua Unai Emery. Usiku uliotangulia walikuwa wamechapwa 2-1 na Eintracht Frankfurt kwenye uwanja wao wa Emirates, viti vingi vikiwa vitupu, na hiyo ilikuwa mechi ya saba mfululizo bila ushindi, mkosi ambao klabu haikuwa imeuona tangu 1992. Kwa wanazi wa Arsenal wa Afrika Mashariki, Emery na nembo ya Rwanda kwenye mkono wa jezi viliingia mwezi mmoja, Mei 2018. Nembo ilibaki, kocha alipoondoka hakuna aliyeweka matanga.

Miaka minne na ushei baadaye, Aprili 14, 2024, mtu huyohuyo alirudi Emirates akiwa na Aston Villa, akashinda 2-0. Alikuwa ameshawafunga Arsenal 1-0 Desemba pale Villa Park. Msimu ule Arsenal walimaliza na pointi 89, mabingwa Manchester City 91. Hesabu ifanye mwenyewe.

Sasa huyu ni kocha mbovu aliyebahatika, au kocha mzuri aliyeonewa? Majibu mawili hupatikana bure kwenye kijiwe chochote cha soka. La kwanza: Emery ni wa timu ndogo na makombe ya mtoano, ukimpa klabu kubwa anapotea. La pili: Arsenal ya wakati ule ilikuwa inaumwa, angekuja yeyote angeanguka. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote hayatoshi. Villa si timu ndogo, ni mabingwa wa Ulaya wa 1982, na kumaliza wa nne katika ligi ya mechi 38 si mtoano. Na kama ugonjwa ulikuwa wa Arsenal peke yake, mbona Spartak ya Moscow alidumu miezi sita tu, na mbona Paris Saint-Germain (PSG) aliondoka na makombe mkononi bila mtu kumshika shati?

Ukiipanga kazi yake klabu baada ya klabu, utaona kinachobadilika zaidi ni nani ameshika mpini. Nani anachagua wachezaji wa kununua? Nani anasikilizwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo? Kocha akitaka kikao kirefu cha video katikati ya wiki, yupo mtu anayeweza kusema hapana?

Emery alizaliwa Novemba 3, 1971 Hondarribia, mji wa Wabasque ulio mpakani mwa Hispania na Ufaransa. Baba yake alikuwa kipa. Babu yake, Antonio, alikuwa kipa pia, na jina lake limo kwenye kumbukumbu kwa sababu ambayo hakuna kipa angeichagua: ndiye aliyefungwa bao la kwanza kabisa katika historia ya Ligi Kuu ya Hispania, Februari 1929, akiidakia Real Unión dhidi ya Espanyol. Mjukuu alicheza kiungo, na hakutamba. Real Sociedad walimlea, lakini mechi zake za ligi kuu ziliishia tano. Sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji ilipita madaraja ya chini, mpaka goti lilipomsaliti akiwa Lorca mwishoni mwa 2004. Klabu ikamkabidhi timu. Jana mchezaji mwenzao, leo bosi wao, umri miaka 33.

Lorca wakapanda daraja la pili mwaka 2005. Akahamia Almería, akawapeleka ligi kuu 2007, na msimu wao wa kwanza huko wakamaliza wa nane. Klabu hizo mbili hazikuwa na nyota wa kubembelezwa wala mkurugenzi mwenye jina kubwa kuliko kocha. Alichosema ndicho kilichofanyika. Nadhani mazoea hayo yalimkaa mwilini.

Valencia walimchukua 2008 wakiwa na madeni yaliyosimamisha hata ujenzi wa uwanja wao mpya. Walimuuza David Villa na David Silva mwaka 2010, Juan Mata 2011, na bado Emery akamaliza wa tatu misimu mitatu mfululizo, nyuma ya Barcelona na Real Madrid. Huko ndiko sifa yake ya video ilikokomaa. Winga Joaquín alitania kwamba Emery aliwaonyesha video nyingi mpaka bisi zikamwishia. Kuna kisa kingine kinachosimuliwa sana: alimpa mchezaji mmoja flashi akatazame nyumbani, kesho yake akamuuliza kama ameitazama. Mchezaji akasema ndiyo, na imemsaidia sana. Flashi ilikuwa tupu.

Kisa hicho kinachekesha, lakini ndani yake kuna tatizo lote la Emery. Kazi yake inategemea mchezaji kukubali kwenda nyumbani na kufungua flashi. Mchezaji hufanya hivyo akiamini kwamba mtu aliyempa ndiye anayeamua hatima yake. Akijua hatima yake inaamuliwa ghorofa ya juu, flashi inabaki mfukoni.

Moscow mwaka 2012 ilikuwa kazi yake ya kwanza nje ya Hispania, na ndiyo mbaya kuliko zote. Spartak walimwajiri Mei, wakamfukuza Novemba 25 baada ya kupigwa 5-1 nyumbani na Dynamo, wapinzani wao wa jiji hilohilo. Maneno yake yalikuwa yakipita kwa mkalimani, na kwa mtu anayefundisha kwa maelezo marefu, hilo tu ni pigo. Kulikuwa na kubwa zaidi. Mkurugenzi mkuu wa klabu, Valery Karpin, ndiye aliyekuwa kocha kabla yake, na ndiye aliyerudi kwenye benchi baada yake. Yaani unafundisha timu ambayo bosi wako alikuwa anaifundisha juzi, na wachezaji wote wana namba yake ya simu.

Januari 2013 akaokotwa na Sevilla. Kule mpini ulikuwa wa watu wawili, ila mipaka ilieleweka: Monchi, mkurugenzi wa michezo, ananunua na kuuza, Emery anafundisha. Ivan Rakitić akauzwa Barcelona 2014, Carlos Bacca akauzwa AC Milan 2015, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu mrithi alikuwa ameshatafutwa. Matokeo yanajulikana: Ligi ya Europa 2014 kwa penalti dhidi ya Benfica mjini Turin, 2015 kwa 3-2 dhidi ya Dnipro mjini Warsaw, 2016 kwa 3-1 dhidi ya Liverpool mjini Basel. Lakini msimu huohuo wa 2015/16 Sevilla hawakushinda hata mechi moja ya ligi ugenini. Hata moja! Wanaosema Emery ni kocha wa mtoano wana hoja hapo, na siwezi kuipangua yote. Timu yake ilikuwa na uwezo wa kujiandaa kwa ajili ya usiku mmoja mkubwa kisha ikasinzia Jumapili.

Paris Saint-Germain walimchukua katikati ya 2016. Msimu wa kwanza Monaco wakawapokonya ubingwa. Kabla ya hapo, Februari 2017, PSG walikuwa wameikung'uta Barcelona 4-0. Machi 8 wakaenda Camp Nou, kwao Barcelona, wakafungwa 6-1. Mpaka dakika ya 87 ilikuwa 3-1 na PSG walikuwa wanapita. Mabao matatu yakaingia kati ya dakika ya 88 na ya 95. Usiku ule bado unamfuata.

Agosti 2017 akatua Neymar kwa euro milioni 222, Kylian Mbappé akafuata kwa mkopo. Mwezi uliofuata, dhidi ya Lyon, Neymar na Edinson Cavani wakagombania penalti dunia nzima ikitazama. Cavani akapiga, akakosa. Watu walijadili nani mwenye haki ya kupiga, wakati mpigaji hupangwa na kocha kabla ya mechi. Wakigombania uwanjani, ama kocha hakupanga, ama alipanga na hawakujali. Emery mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba kocha lazima ajue kama yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote ndani ya kundi, na kwamba pale Paris nafasi hiyo ilikuwa ya Neymar. Mwaka 2018 alibeba makombe yote ya ndani ya Ufaransa, akatolewa na Real Madrid Ligi ya Mabingwa, akaondoka kimya.

Halafu Arsenal, na hapa pana mengi.

Arsène Wenger alikaa miaka 22 na alikuwa meneja kwa maana kamili: usajili, mishahara, viwanja vya mazoezi, vyote vilipita mikononi mwake. Alipoondoka, klabu iliamua isimpe tena mtu mmoja nguvu hizo. Emery aliajiriwa kama kocha mkuu tu. Juu yake kulikuwa na Ivan Gazidis, mtendaji mkuu aliyesimamia uteuzi wake, na Sven Mislintat, mkuu wa kusaka vipaji. Mwaka haujaisha Gazidis akaenda AC Milan. Februari 2019 Mislintat naye akaondoka. Kocha aliyeajiriwa ili afanye kazi ndani ya mfumo akabaki, mfumo ukahama.

Mwanzo ulikuwa mtamu: mechi 22 bila kufungwa. Kisha ukaja mwisho wa msimu. Arsenal walimaliza wa tano, pointi moja nyuma ya Tottenham, na Mei 29, 2019 mjini Baku, kwenye fainali ya Ligi ya Europa ambayo ingewapeleka Ligi ya Mabingwa, Chelsea wakawachapa 4-1. Bao la Arsenal lilikuwa la Alex Iwobi, shuti kali kutoka nje ya boksi ambalo lilistahili usiku bora zaidi. Usajili uliofuata ukaleta Nicolas Pépé kwa pauni milioni 72, rekodi ya klabu. Emery alikuja kusema kwamba yeye alimtaka Wilfried Zaha. Mesut Özil alikuwa amesaini mkataba mnono miezi michache kabla Emery hajafika, hivyo kocha alirithi nyota ambaye yeye hakumhitaji wala hakuweza kumuuza. Aaron Ramsey aliondoka bure kwenda Juventus.

Suala la unahodha ndilo lililoanika kila kitu. Laurent Koscielny aligoma kusafiri na timu kwenye maandalizi ya msimu wa 2019/20, akaishia Bordeaux. Emery akaacha wachezaji wapige kura, akataja manahodha watano, na mwisho wa Septemba Granit Xhaka akavishwa kitambaa. Oktoba 27, akitolewa dhidi ya Crystal Palace, mashabiki wakamzomea, naye akawajibu kwa ishara na kuivua jezi akielekea chumbani. Kocha mwenye mpini humteua nahodha siku ya kwanza na mjadala unafungwa.

Zipo lawama ambazo ni zake mwenyewe. Alibadili mfumo mno, leo mabeki watatu kesho wanne, mpaka wachezaji wakaonekana hawajui wanacheza soka gani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na badala ya kupunguza maneno aliyaongeza. Kumcheka namna alivyotamka salamu ya jioni, jambo ambalo Waingereza walilifanya kama mchezo wa taifa, kulikuwa ni utoto. Lakini kwamba ujumbe haukufika, hilo halina ubishi.

Mikel Arteta alimrithi. Naye ni Mbasque, mzaliwa wa San Sebastián, kilomita kama 20 kutoka Hondarribia. Alimaliza wa nane, kisha wa nane tena, matokeo mabaya kuliko ya Emery, na hakufukuzwa. Septemba 2020 cheo chake kikabadilishwa kutoka kocha mkuu kuwa meneja. Oktoba Özil akaachwa nje ya vikosi vilivyosajiliwa, Desemba 2021 Pierre-Emerick Aubameyang akavuliwa unahodha, na wote wawili wakaondoka. Arsenal walimpa Arteta kile walichomnyima Emery, na kama unatafuta ushahidi wa hoja yangu, nadhani huo unatosha. Simaanishi kwamba Emery angefika alikofika Arteta. Namaanisha hawakupewa kazi moja.

Villarreal, 2020, alirudi kwenye mazingira anayoyajua: mji wa watu takriban 50,000, rais wa muda mrefu, Fernando Roig, asiye na papara, wachezaji wenye njaa. Msimu wa kwanza akachukua Ligi ya Europa bila kupoteza mechi. Nusu fainali aliwatoa Arsenal, na fainali mjini Gdańsk alishinda Manchester United kwa penalti 11-10, kipa Gerónimo Rulli akifunga yake na David de Gea akakosa. Lilikuwa kombe lake la nne la Ligi ya Europa. Hakuna kocha aliyekuwa amefika hapo. Mwaka uliofuata akawatoa Juventus na Bayern Munich, akafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Katikati ya safari hiyo, Novemba 2021, Newcastle waliokuwa wametoka kununuliwa kwa fedha za Saudi Arabia walimfuata. Alikataa.

Villa walipobisha hodi Oktoba 2022 alikubali, na walilipa fidia kumtoa. Sisi Watanzania Villa tunaikumbuka kwa Mbwana Samatta, aliyefunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi Machi 1, 2020 dhidi ya Manchester City. Timu ile ilinusurika kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu. Emery aliikuta, baada ya kocha Steven Gerrard kutimuliwa, ikichungulia tena shimo hilohilo. Mechi yake ya kwanza akawafunga Manchester United 3-1, ushindi wa kwanza wa ligi wa Villa nyumbani dhidi yao tangu 1995. Akamaliza wa saba. Msimu uliofuata, wa nne.

Alifanya nini uwanjani? Mambo mawili yanatosha kueleza.

La kwanza ni mtego wa kuotea, yaani kumwacha mshambuliaji nyuma ya beki wa mwisho kabla hajapigiwa pasi. Mabeki wa Villa hukaa juu, karibu na mstari wa katikati, na mtazamaji hudhani ni ujasiri wa mabeki. Siri iko kwa anayemkaba mwenye mpira. Mpinzani akiwa amebanwa au amegeuzia lango mgongo, hawezi kupiga pasi ndefu ya maana, na hapo mabeki wote wanne wanapanda kwa pamoja. Akipata sekunde ya kuinua kichwa, wanarudi. Mmoja akichelewa nusu hatua, mtego unawanasa wenyewe. Hicho ni kitu cha kurudiwa mazoezini hadi kichoshe, na cha kutazamwa kwenye video hadi bisi ziishe. Msimu wa 2023/24 hakuna timu ya Ligi Kuu ya England iliyowanasa wapinzani wengi kuliko Villa. Gharama yake ilionekana pia: Newcastle waliwapiga 5-1 siku ya ufunguzi, Tottenham 4-0 palepale Villa Park mwezi Machi.

La pili ni uvumilivu wa kipa. Emiliano Martínez husimama na mpira mguuni, hapigi, anangoja. Anayecheka runingani haelewi kwamba huo ni mwaliko. Mshambuliaji wa timu pinzani akishindwa kuvumilia na kumkimbilia, nyuma yake panafunguka uwazi, na pasi moja inamfikia kiungo aliyesimama katikati ya mistari ya wapinzani, awe John McGinn au Youri Tielemans. Kutoka hapo Ollie Watkins anakimbia. Na Watkins mwenyewe alikatazwa kuhangaika pembeni, akaambiwa abaki usawa wa lango; akamaliza msimu ule na mabao 19 ya ligi na pasi 13 za mabao. Desemba 6, 2023 City walifika Villa Park wakapiga mashuti mawili tu dakika zote tisini, wakalala 1-0. Siku tatu baadaye wakafuata Arsenal, na Villa wakafikisha ushindi wa 15 mfululizo wa ligi nyumbani, rekodi ya klabu.

Martínez huyo, kwa taarifa yako, ndiye aliyekuwa golini usiku ule wa Frankfurt. Kipa na kocha ni walewale. Kilichobadilika ni nyumba. Wamiliki wa Villa, Nassef Sawiris wa Misri na Wes Edens wa Marekani, walimjengea Emery klabu ya kumzunguka. Damian Vidagany na Alberto Benito, watu wake, wakapewa ofisi za juu. Juni 2023 akaletwa Monchi, yuleyule wa Sevilla. Ghorofa ya juu na chumba cha wachezaji vikawa vinasema lugha moja, na mchezaji asiyefungua flashi hakuwa na pa kukimbilia.

Oktoba 2, 2024 Bayern walifungwa 1-0 Villa Park kwa bao la Jhon Durán, na Villa wakaenda hadi robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na PSG kwa jumla ya mabao 5-4. Fedha ndiyo iliyobana. Ili kuzitii kanuni za matumizi, Douglas Luiz aliuzwa 2024, Durán Januari 2025, Jacob Ramsey miezi michache baadaye. Msimu wa 2025/26 ulianza kwa mechi sita za mashindano yote bila ushindi, nne za kwanza za ligi bila hata bao. Arsenal saba zilitosha kumfukuza. Villa habari ya kumtimua haikupata wa kuipeleka, kisha timu ikaja kushinda kumi na moja mfululizo kabla ya mwaka kwisha. Septemba hiyo aliyeondoka ni Monchi, akarithiwa na Roberto Olabe aliyetoka Real Sociedad, klabu ileile iliyomlea Emery.

Mpango huu una kona yake ya giza. Sevilla walipoachwa na Emery 2016, walikuwa na Monchi, wakamaliza wa nne. Villarreal walipoachwa 2022, walikuwa na Roig, wakamaliza wa tano. Klabu hizo zilikuwa na mpini wao wenyewe na zilimwazima tu. Villa wamempa mpini wote, na watakaokaa mezani kumtafuta mrithi wake, siku hiyo ikifika, wengi wao watakuwa ni watu walioingia kwa mlango wake.